Pikapu Ikitetemeka, Mafuta Yaangaliwe Kwanza Kabla Dereva Hajakatwa Mshahara



Makala hii ni kwa ajili ya madereva wa mashamba na viwanda, lakini si wao peke yao. Yawahusu pia wachumaji wanaopakiwa nyuma ya pikapu alfajiri, makarani wanaotunza vitabu vya magari, na wajumbe wa chama ambao huitwa ofisini wakati dereva amekwisha kuandikiwa barua. Habari yenyewe ni ya gari na giaboksi yake, lakini mara nyingi huishia kwenye mfuko wa mshahara.

Pikapu za gia za otomatiki sasa zaonekana katika mashamba yetu, na pana ugonjwa mmoja wa magari haya ambao umewaletea madereva matata ya bure. Gari laenda vizuri, liko kwenye lami, mwendo ni kilometa 70 au 80 kwa saa. Dereva amekanyaga mafuta kidogo tu, barabara yapanda taratibu. Ghafla gari zima latetemeka kana kwamba linapita juu ya mabati yaliyotandazwa barabarani. Sekunde mbili tatu, kisha latulia. Mbele kidogo laanza tena. Dereva akifika gereji anaeleza, fundi anawasha injini, anasikiliza, anasema haoni kitu. Wiki zinapita. Siku giaboksi inapokataa kabisa, anayeulizwa ni nani? Ni yule yule aliyekuwa wa kwanza kusema.

Katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda, ambalo jina lake tunaliacha, dereva mwenye miaka kumi na mmoja kazini alipewa barua kwamba ameharibu giaboksi kwa uendeshaji mbaya, na kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wake kwa muda wa miezi kumi. Meneja wa usafirishaji alikuwa na ushahidi wake. Aliichukua pikapu mwenyewe, akaizungusha ndani ya uwanja wa kiwanda, akaenda nayo mpaka kwenye mizani na kurudi. Haikutetemeka hata mara moja. Kwa hiyo, akasema, ama dereva ni mwongo, ama gari hufanya hivyo likiwa mikononi mwake tu.

Meneja yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui giaboksi ile inavyofanya kazi. Na sisi tukienda mbele yake bila kujua, tutabaki kupiga kelele tu. Basi tuitazame.

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na klachi ambayo dereva huikanyaga kwa mguu. Gari la otomatiki halina pedali hiyo. Mahali pake pana chombo cha chuma cha mviringo, mfano wa mabakuli mawili yaliyofunikana, kimejaa mafuta. Mafundi hukiita toki konveta, au konveta tu. Ndani yake mna mapanga ya upande wa injini na mapanga ya upande wa giaboksi, nayo hayagusani. Chukua feni mbili uzielekezane. Washa moja, na upepo wake utaizungusha ya pili. Konveta hufanya hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna mafuta. Ndiyo maana gari la otomatiki laweza kusimama injini ikiwaka na gia imeingizwa, lisizime.

Lakini feni ya pili haizunguki sawasawa na ya kwanza. Hubaki nyuma kidogo. Nguvu inayopotea hapo hugeuka joto, na petroli au dizeli huliwa bure. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka ndani ya konveta klachi nyingine ndogo, ya kufungia. Gari likishachukua mwendo na kuingia gia za juu, klachi hii hushika, injini na giaboksi zikawa kama kitu kimoja. Gari likipunguza mwendo, au dereva akikanyaga mafuta sana, au akigusa breki, klachi huachia.

Katika magari mengi klachi hii haishiki sawasawa mpaka gari lifike mwendo wa kilometa 60 kwa saa hivi. Ndani ya uwanja wa kiwanda, wapi utapata mwendo huo? Katika njia za shamba, penye matope na makorongo, nani ataendesha hivyo? Meneja alilipima gari mahali ambapo ugonjwa wake hauwezi kutokea. Ni kama kumpima mtu kikohozi akiwa amelala.

Sasa kwa nini itetemeke? Uso wa ile klachi umebandikwa kitambaa kigumu cha kusugua, mfano wa ule wa breki, lakini wenyewe hufanya kazi ndani ya mafuta. Mafuta yale, ambayo wengi wetu tunayaita ATF, yametiwa dawa maalumu ili klachi ishike polepole bila kushtuka. Yakichakaa kwa joto na kilometa, dawa ile huisha nguvu. Hapo klachi haishiki wala haiteleza vizuri: hushika, huachia, hushika, huachia, mara nyingi katika sekunde moja. Huko kushika na kuachia ndiko tunakokuhisi kama mabati. Maji yakiingia katika mafuta hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hukiharibu kile kitambaa na kulegeza gundi yake.

Hakuna mguu wa dereva hapo. Dereva aweza kuchosha giaboksi, hilo hatukatai: kuvuta trela mlimani katika gia ya juu huku gari likibadili gia juu chini juu chini huchemsha mafuta. Kwa hiyo madereva wetu nao wajifunze kuzima kitufe cha O/D au kushusha gia moja wanapopanda na mzigo. Lakini swali la haki ni hili: nani alimfundisha, na nani alimwamuru kuvuta trela?

Mtu asidhani kuwa ni gari kuukuu tu la shamba lipatwalo na ugonjwa huu. Huko Marekani, kampuni ya General Motors iliuza pikapu kama Chevrolet Silverado na Colorado zenye giaboksi ya gia nane, za miaka ya 2015 hadi 2019, na wenye magari wengi wakalalamika kwamba zatetemeka, nyingine zikiwa bado mpya kabisa. Mafuta yaliyotiwa ndani yalikuwa yakivuta unyevu. Kampuni iliwaagiza mafundi wake wayaondoe yote na kutia aina nyingine, na mwaka 2019 wenye magari walifungua kesi katika mahakama ya Michigan. Magari yale hayakuwa ya shamba, wala hayakuendeshwa na watu wa aina moja. Kilichokuwa sawa katika yote ni giaboksi na mafuta yake. Mjumbe wa chama aikumbuke habari hii atakapoambiwa ati gari jipya haliwezi kuumwa bila mkosaji.

Turudi magharibi ya Uganda. Sisi wa chama hatukubishana na meneja juu ya tabia ya dereva. Tulimwomba jambo moja tu: twende lami, yeye akae mbele, karani akae nyuma na kalamu.

Kipimo chenyewe ni hiki, na dereva yeyote aweza kukifanya, mradi barabara iwe tupu na nyuma asiwepo mtu wa kumgonga. Gari lipate moto kwanza, angalau dakika ishirini za mwendo. Kisha lishikiliwe katika mwendo ule linaotetemekea. Linapoanza, dereva asiondoe mguu kwenye mafuta; aguse breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa ya nyuma tu, si kusimamisha. Kuguswa kwa breki huiachisha ile klachi ya ndani. Mtetemo ukikoma mara moja, na mshale wa mizunguko ya injini ukapanda kidogo, basi aliyetetemeka ni konveta. Akiachia breki na mtetemo ukarudi, amethibitisha. Afanye mara tatu, si mara moja.

Siku ile mtetemo ulikuja kwenye kilometa 75. Ulikoma breki ilipoguswa, ukarudi ilipoachiwa, mara tatu. Kisha dereva alizima O/D, gari likashuka gia, na kipande kile kile cha barabara kikapitwa kimya. Karani aliandika yote pamoja na saa.

Yako magonjwa mengine yanayofanana na huu, na fundi mwenye haraka huyachanganya. Plagi mbovu au koili iliyokufa pia hutikisa gari. Lakini injini inayokosa moto huzidi kutikisika ukikanyaga mafuta kwa nguvu, nayo konveta ukikanyaga kwa nguvu hutulia, kwa sababu klachi imeachia. Injini inayokosa moto hata ikisimama mara nyingi huonyesha udhaifu wake. Krosi ya propela iliyolegea, au tairi lisilo sawa, hutetemesha kwa kufuata mwendo: uguse breki usiguse, ukanyage mafuta usikanyage, mradi mwendo ni ule ule mtetemo upo. Mipira inayoshikilia injini ikikatika, utasikia kishindo unapoondoka au kubadili gia.

Palipo na mashine ya kusomea makosa ya injini, isomwe. Namba P0300 na zile zinazofuatana nayo ni za injini kukosa moto. P0741 ni ya klachi ya konveta kutoshika inavyopaswa. Lakini msidanganyike: mtetemo waweza kuwapo miezi mingi bila namba yoyote wala taa kuwaka. Fundi akisema mashine haikuona kitu, hajasema kwamba hakuna kitu.

Tulipotoka lami tulifungua kitabu cha gari. Mafuta ya injini yalibadilishwa kwa wakati wake, filta pia, yote yameandikwa vizuri na karani anastahili sifa. Mafuta ya giaboksi? Hapana hata mstari mmoja, na pikapu ilikuwa imekwenda kilometa zaidi ya 140,000. Fundi alipoulizwa alijibu kwamba aliambiwa wakati gari linanunuliwa kuwa mafuta yale ni ya maisha, hayabadilishwi. Maisha ya nani? Vitabu vingi vya magari, mtu akivisoma mpaka mwisho, vina sehemu ya magari ya kazi ngumu: yanayovuta trela, yanayokwenda milimani, yanayokula vumbi. Magari hayo yameandikiwa utaratibu wake wa kubadilisha na kukagua mafuta. Pikapu ya shamba la chai ikiwa si ya kazi ngumu, basi sijui ni ipi.

Mafuta yenyewe husema. Mapya kwa kawaida ni mekundu. Yakiwa ya kahawia yamechoka. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuungua. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yanatoka katika rejeta, kwa sababu katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupita ndani ya rejeta ili yapozwe. Gari la namna hii lisiendeshwe tena hata kilometa moja. Kila mzunguko unaharibu. Magari mengine hayana kijiti cha kupimia. Fundi hufungua nati ya pembeni mafuta yakiwa na joto lililoandikwa kitabuni. Asiyekuwa na kitabu asikisie.

Dawa ya kwanza, basi, ni kubadilisha mafuta, na hapa ndipo gereji nyingi hufanya nusu ya kazi. Ukifungua sampu ya giaboksi hayatoki mafuta yote. Hutoka sehemu tu, pengine theluthi, pengine nusu, na yaliyobaki yamo ndani ya konveta. Ukitia mapya juu yake umechanganya maziwa mapya na yaliyochacha. Inafaa kumwaga, kutia, kuendesha gari kidogo ili yachanganyike, kisha kumwaga tena, mara mbili au tatu. Au kutumia mashine ya kuyasukuma yote palipo na mashine hiyo. Sampu ikishushwa, filta ibadilishwe na gasketi iwe mpya. Angalia sumaku iliyomo: uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyong'aa maana yake giaboksi imekatika ndani, na mafuta peke yake hayataiponya.

Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Rangi nyekundu peke yake si kitambulisho, kwa kuwa ATF ziko aina nyingi na dawa zake hazifanani. Bei ya aina halisi ni kubwa, na hapa ndipo mkuu wa stoo hupenda kuokoa fedha kwa kuleta pipa moja la magari yote. Akifanya hivyo, dereva aliandike jina lililo juu ya pipa. Ziko pia chupa ndogo za dawa ya kuongeza ndani ya mafuta ambazo hutuliza mtetemo. Nyingine husaidia kweli kwa muda, na gari likitulia ni dalili nyingine kwamba ugonjwa uko katika konveta, lakini mafuta yaliyochoka yamebaki yale yale.

Na fundi awe mwangalifu. Mafuta ya giaboksi iliyotoka safari humchoma mtu ngozi. Nimeona vijana wakilala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wakifungua sampu kwa haraka kwa kuwa msimamizi anasubiri majani yaletwe mizani. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma, matairi yazuiwe kwa magogo. Kama mwajiri hana stendi, kazi hiyo isifanywe, na mjumbe wa chama aambiwe siku hiyo hiyo.

Baada ya kubadilisha, mtetemo si lazima ukome saa ile ile. Kile kitambaa chahitaji kunywa mafuta mapya, na gari laweza kwenda kilometa mia mbili au tatu kabla ya kutulia. Usikubali dereva ahukumiwe kwa safari ya kwanza. Ukiendelea baada ya hapo, fundi apime zile vali za umeme zinazoiongoza klachi, na mwisho kabisa konveta yenyewe ibadilishwe. Hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi nzima, na bomba za kupoza mafuta zisafishwe, la sivyo uchafu wa konveta ya zamani utaingia katika mpya.

Pikapu ya dereva wetu ilimwagwa mafuta mara mbili. Siku ya kwanza ilipungua, siku ya nne ilikuwa kimya. Giaboksi aliyoandikiwa kuilipa kwa miezi kumi haikufunguliwa kamwe. Barua ilifutwa kwa maandishi, na mshahara wa mwezi mmoja aliokwisha kukatwa ulirudishwa kwa mafungu mawili. Tulidai urudishwe mara moja, hatukufaulu.

Sasa sheria. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu wa kuchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Mtu huyo aweza kuwa mjumbe wako.

Wenzetu Kenya, katika Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa tu imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mafuta kuchakaa si makusudi ya mtu. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aandikiwe sababu, kiasi, na jinsi kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yote ya deni hilo yasizidi robo ya mshahara. Nawaeleza haya kwa sababu madereva wetu wengi huvuka mipaka na mizigo, na wengine wameajiriwa upande ule wakilala upande huu.

Lakini sheria yahitaji karatasi. Dereva wetu alikuwa ameripoti mara mbili kabla ya barua, zote kwa mdomo. Gereji ilikana. Kila anayehisi mtetemo aandike katika kitabu cha gari tarehe, kilometa zilizosomwa, mwendo, mzigo, na kama gari lilikuwa lami au shambani, na fundi atie sahihi. Fundi akikataa sahihi, liandikwe pia hilo. Wajumbe wanaokwenda kwenye mazungumzo ya mapatano mapya waombe kifungu kimoja: dereva asikatwe kitu kwa ajili ya gari kabla gari halijapimwa barabarani mbele ya mwajiri, fundi na mjumbe wa chama pamoja, na kabla kitabu cha matengenezo hakijafunguliwa mbele ya wote.

Pikapu nyingine tatu za shamba lile zilikaguliwa wiki iliyofuata. Mbili zilibadilishwa mafuta zikarudi kazini. Ya tatu ilikutwa na mafuta ya rangi ya chai ya maziwa. Rejeta ilikuwa inavuja kwa ndani, na dereva wake alikuwa bado hajahisi lolote. Ilikaa gereji mpaka rejeta mpya ilipofika, na kwa siku hizo wachumaji walipanda trekta.